Uzi: Kazi ya kuchunguza nyota zinavyozaliwa, kwa vijana wa Uganda wanaouliza kama inawezekana

BintiNsambya (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Tangu nijibu swali moja kwenye uzi wa wanafunzi wa S.6 (kidato cha sita), napokea ujumbe wa faragha wenye swali lile lile: dada, mtu anakuwaje mtaalamu wa nyota akiwa Uganda, na kazi hiyo ipo kweli? Nimeona nijibu hadharani. Wengi wanaoniandikia ni watoto wa kambi za polisi na jeshi kama mimi, waliokulia Nsambya, Naguru, Jinja au Gulu, na hapa ndipo tunapokutana.

Nianze na kazi yenyewe, maana watu wanaikimbilia au kuikimbia bila kujua ni nini. Mimi ni mwanafizikia wa nyota. Sehemu yangu ni kuzaliwa kwa nyota kubwa, zile zinazozidi uzito wa Jua mara 8 na kwenda juu. Sikeshi nimeinama kwenye darubini. Siku yangu ya kawaida ni laptopu, programu ninazoandika kwa Python, data za mawimbi ya redio, makala za wenzangu ambazo lazima nizisome hata nikiwa nimechoka, na wanafunzi wanaosubiri mlangoni. Kinachoniamsha asubuhi ni swali moja ambalo fizikia bado haijalimaliza: kwa nini nyota zinazaliwa chache hivi?

Nifafanue. Kati ya nyota na nyota si patupu. Kuna gesi na vumbi, na mahali pengine gesi hiyo imejikusanya ikawa mawingu makubwa ya molekuli za haidrojeni. Ndani yake kuna baridi ya kelvini 10 hivi, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri. Mwaka 1902 James Jeans alionyesha kwa hesabu kwamba wingu likiwa zito vya kutosha na baridi vya kutosha, shinikizo la gesi linashindwa na uvutano wa wingu lenyewe, nalo huporomoka kuelekea ndani. Baridi ndiyo inayoruhusu nyota kuzaliwa. Wanafunzi wangu hushangaa sana hapo, kwa sababu nyota tunaijua kwa moto wake.

Sasa piga hesabu ya galaksi yetu nzima. Njia Nyeupe ina gesi ya molekuli yenye uzito wa takriban Jua bilioni 1. Mawingu hayo yangeachwa yaporomoke bila kizuizi, kila moja lingemalizika ndani ya miaka milioni chache, na galaksi ingekuwa inazalisha nyota zenye jumla ya uzito wa Jua zaidi ya 100 kila mwaka. Tunachokipima ni kama 2. Tofauti hiyo ilisemwa wazi katika makala za mwaka 1974, na watu wamestaafu wakiwa bado wanaijadili.

Kuna kitu kinazuia. Wapo wanaosema ni msukosuko wa gesi: wingu halitulii, sehemu zake zinakimbizana kwa mwendo unaozidi ule wa sauti, kwa hiyo ni vipande vichache tu vinavyopata nafasi ya kuanguka. Wapo wanaosema ni uga wa sumaku unaolishikilia wingu kutoka ndani. Na wapo wanaosema ni nyota zenyewe: zile za kwanza zikishawaka, mwanga wake mkali na upepo wake hulipasua wingu kabla ndugu zao hawajazaliwa. Mimi niko na hawa wa mwisho, hasa kwa nyota kubwa. Sumaku inachelewesha, sikatai, lakini sijaona data inayonishawishi kwamba peke yake inatosha. Wenzangu wawili ninaowaheshimu sana wanapinga, na kila tukikutana tunalianza upya.

Tunayaonaje mambo haya? Haidrojeni yenyewe, ikiwa baridi, karibu haitoi ishara yoyote. Molekuli yake ina atomi mbili zinazofanana, hivyo redio haziisikii. Tunatafuta wageni waliochanganyika nayo. Mwaka 1970 Wilson, Jefferts na Penzias walinasa kaboni monoksidi katika kundi la nyota la Jabari (Orion) kwa wimbi la milimita 2.6, na mlango ukafunguka: tangu hapo tunachora ramani za mawingu kwa kufuata kaboni monoksidi. Kabla yake kidogo, 1968, ilikuwa imenaswa amonia, na amonia ni kipimajoto. Inatoa mistari kadhaa, yaani mawimbi ya redio ya masafa yake maalumu, karibu na gigahezi 23.7, na ukilinganisha nguvu ya mstari mmoja na mwingine unapata joto la wingu lililo mbali kwa maelfu ya miaka ya nuru. Mara ya kwanza nilipopata kelvini 14 kwa mkono wangu nilimpigia mama simu. Hakuelewa kelvini ni nini, lakini alifurahi nami.

Halafu kuna maseri za methanoli, na hapa nawaomba mtulie kidogo, kwa sababu Afrika ina mkono wake. Kuzunguka nyota kubwa changa, methanoli huimarisha mawimbi ya redio kama leza inavyoimarisha mwanga, kwenye gigahezi 6.7. Dishi la mita 26 la Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg, limekuwa likizifuatilia maseri hizi kwa uvumilivu kwa miaka mingi. Mwaka 2015 likaona maseri za wingu la NGC 6334 zikilipuka kwa nguvu isiyo ya kawaida. ALMA, ile darubini ya Chile yenye antena 66 kwenye uwanda wa mita 5,000, ilipolitazama eneo hilo na picha zake kulinganishwa na za miaka ya nyuma, ilionekana vumbi la pale limeng'aa karibu mara 4. Nyota changa kubwa ilikuwa imemeza fungu zima la gesi kwa mkupuo. Kumbe nyota kubwa hazikui kwa mwendo mmoja. Zinakula kwa vipindi. Dishi la zamani la bara letu, lililojengwa 1961 kufuatilia vyombo vya anga vya Marekani, ndilo lililopiga kengele. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba bila chombo cha mabilioni huna cha kuchangia.

Na nje ya data, sisi wa Uganda tuna anga lenyewe. Tuko kwenye ikweta. Mkanda wa Jabari unapita karibu juu kabisa ya utosi wetu. Mwezi wa 2, saa mbili usiku, toka nje utazame juu, kisha ushuke kidogo kusini ya zile nyota 3: ukungu hafifu unaouona ni mahali nyota zinapozaliwa sasa hivi, umbali wa miaka ya nuru kama 1,350. Mtu wa Ulaya haoni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, akiwa kwao. Sisi tunaliona kusini, chini kidogo, na ndani yake kuna Tarantula, kiwanda cha nyota kikubwa kuliko chochote kilicho karibu nasi.

Ulizeni sasa. Nitajibu kadiri muda utakavyoruhusu.

---

PCM_Mbale

Dada asante sana. Niko S.6, kombinesheni ni PCM (fizikia, kemia na hisabati). Mwalimu wetu alituambia kuna mawe yaliyoanguka Mbale zamani kutoka angani. Yanahusiana na mambo haya au ni kitu kingine? Na je, chuo nisomee nini, maana sioni kozi inayoitwa nyota.

---

BintiNsambya

Mdogo wangu, yanahusiana sana. Tarehe 14 Agosti 1992 vimondo viliangukia mji wenu na vijiji vya kando. Kipande kidogo kilimpata mtoto kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, na hakuumia. Mawe yale ni ya aina inayoitwa kondraiti. Ndani yake kuna vitone vidogo vilivyoganda wakati Jua lenyewe likiwa bado limezungukwa na sahani ya gesi na vumbi, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Ninachokitafuta mimi kwenye mawingu ya mbali, ninyi mliletewa mabaki yake nyumbani. Sahani za namna hiyo sasa tunaziona kwa picha: mwaka 2014 ALMA ilipiga picha ya HL Tauri, nyota isiyofikisha miaka milioni 1, na sahani yake ilikuwa na pete na mianya iliyopangika, ambapo wengi wetu hatukutarajia mpangilio mapema hivyo.

Kuhusu chuo: soma fizikia, na hisabati kwa wingi uwezavyo. Usisubiri kozi yenye jina la nyota. Makerere, Kyambogo na Mbarara wote wanafundisha fizikia ya shahada ya kwanza, na Mbarara wana kikundi cha fizikia ya nyota kilichokwisha kutoa wahitimu wa uzamili na uzamivu. Kozi za kushika kwa mikono miwili ni sumaku-umeme, takwimu, fizikia ya joto na mekanika ya kwanta. Takwimu naisisitiza kwa sababu wanafunzi wanaidharau, kisha wanaletewa data zenye kelele na hawajui waamini nini.

---

BabaWatatu_Arua

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Binti yangu amesoma uzi huu akaja kunionyesha. Mimi ni dereva wa lori, niko barabara ya Arua hadi Kampala na wakati mwingine Juba. Sina elimu ya kumjibu. Nataka kujua kitu kimoja tu, na naomba uniambie bila kunipamba: hii kazi italisha mtu? Ana akili ya hesabu, hilo walimu wote wanasema.

---

BintiNsambya

Mzee wangu, asante kwa kuuliza. Baba anayesoma uzi kama huu kwa ajili ya binti yake nampa heshima zote, na sitakupamba.

Njia ni ndefu. Shahada ya kwanza miaka 3, uzamili 2, uzamivu 3 hadi 5. Baada ya hapo zinakuja kazi za utafiti za mkataba, miaka 2 au 3 kila moja, mara nyingi nchi nyingine kila mara. Nafasi za kudumu ni chache dunia nzima, na Uganda ni chache zaidi. Wengi walioanza nami hawako kwenye nyota leo. Mmoja yuko benki anachambua data za mikopo, mwingine yuko kampuni ya simu, mwingine ni mwalimu wa sekondari. Wote wanakula, na hakuna kati yao anayesema alipoteza muda wake. Anayetaka nyota peke yake na hakuna kingine ajue kwamba anashindania viti vichache.

Kuna mambo ya hapa nyumbani ambayo ni vizuri uyajue. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye shahada, kwenye shule za serikali, amepandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi. Kwa hiyo fizikia ya shahada ya kwanza si kamari tena kama ilivyokuwa enzi yetu, mradi achukue na ualimu. Akiishia hapo, ana kazi ya heshima. Akitaka kuendelea, anaendelea akiwa na mahali pa kusimama.

Sasa neno la mimi kama dada yake: usiuze shamba wala lori kumlipia uzamivu. Katika fani hii uzamivu mzuri unalipiwa, mwanafunzi anapewa posho ya kuishi. Akiambiwa ajilipie, hiyo si nafasi, aiache. Afrika Kusini wana programu inayoitwa NASSP, inayoendeshwa Cape Town, ya kuwaandaa watu kwa fizikia ya nyota na anga, na imepokea vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Mpango wa ISP wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ulisaidia fizikia ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Umoja wa Kimataifa wa Falaki una shule ya vijana inayozunguka nchi mbalimbali tangu 1967.

Na kwa kuwa ni msichana, niseme na hili. Ataulizwa na shangazi kwenye kila harusi kama amemaliza kusoma. Mimi niliulizwa. Msimamie katika hilo, mzee wangu, kwa sababu hesabu ataiweza mwenyewe.

---

TichaFizikia_Kasese

Nakubaliana na dada, ila niongeze upande wa mwanafunzi wa kijijini. Shuleni kwetu mwaka 2013, lile kupatwa kwa Jua la tarehe 3 Novemba, tuliona sehemu tu, wenzetu wa Pakwach waliona giza kamili. Nilikuwa mwalimu mpya. Watoto walioshika zile miwani za karatasi siku ile, baadhi yao leo ni wahandisi. Sisemi ni kwa sababu ya kupatwa peke yake. Nasema mtoto akipewa kitu kimoja cha kweli cha kutazama, anabaki nacho.

---

Mkulima_Masindi

Samahani mwanzisha uzi, mimi nitasema ambalo wengine wanalificha. Zahanati yetu haina dawa, barabara ya kwetu mvua ikinyesha hakuna gari. Serikali na wazazi watoe fedha watu wakachunguze gesi iliyo mbali ya maelfu ya miaka ya nuru? Si kwamba nadharau elimu. Nauliza kipaumbele.

---

BintiNsambya

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na silikwepi. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua kati ya dawa ya zahanati yenu na safari ya mwanaastronomia, ningechagua dawa. Lakini chaguo hilo halipo hivyo. Fedha za fani hii Uganda ni kidogo mno, na nyingi zimetoka nje kwa ufadhili wa masomo.

Nikupe mfano ulio karibu na zahanati. Ili kujua mwanga wa nyota changa unavyopita kwenye vumbi la wingu, tunaandika programu inayofuata chembe ya mwanga moja moja: imegonga nini, imemezwa au imerushwa upande gani, joto limeongezeka kiasi gani. Tunazirudia mamilioni ya mara. Mbinu hiyo inaitwa Monte Carlo. Mwanafizikia wa hospitali anapopanga matibabu ya saratani kwa mionzi, anatumia mbinu hiyo hiyo kujua dozi itakayofika kwenye uvimbe na itakayogusa sehemu za mwili zisizo na ugonjwa. Mwanafunzi niliyemfundisha mbinu hiyo kwa wingu la NGC 6334 sasa anafanya kazi katika kitengo cha mionzi cha hospitali. Hakuhitaji kufundishwa upya. Alibadilisha vumbi akaweka mfupa na nyama. Nchi yetu ina upungufu wa watu wa namna hiyo, na huwezi kuwapata bila idara ya fizikia iliyo hai, yenye maswali magumu yanayowavuta vijana kubaki.

Ila nisijifiche nyuma ya hospitali. Hata kama hakungekuwa na faida hiyo, bado ningesema mtoto wa Masindi ana haki ya kujua Jua lake lilitoka wapi, na kuwa mmoja wa wanaolitafuta jibu, si msomaji tu wa majibu ya wengine.

---

Mkulima_Masindi

Hilo la mionzi sikulijua. Sijabadilika kabisa, lakini nimekusikia. Endelea.

---

Koda_Ntinda

Mimi naandika programu za simu, nimesoma kompyuta si fizikia. Dada, nasikia data za nyota zipo wazi kwa kila mtu. Ziko wapi hasa na mtu kama mimi aanzie wapi? Bando langu si kubwa.

---

BintiNsambya

Koda, swali hili ndilo nililokuwa nalisubiri, kwa sababu ndiyo sehemu iliyobadilika kuliko zote. Nilipoanza, makala moja ilinigharimu kuomba kwa barua pepe kwa mtu nisiyemjua. Sasa makala karibu zote ziko kwenye tovuti ya arXiv bila malipo. Data za ALMA zikishakaa na mtafiti aliyeziomba kwa miezi 12 zinafunguliwa kwa kila mtu. Nyingi za James Webb, ile darubini ya angani, ni hivyo hivyo, na nyingine zinafunguliwa siku ile ile zinapofika. Hakuna anayekuuliza pasipoti.

Pasipoti nimeitaja makusudi. Kuna ubalozi mmoja ulininyima viza nikiwa nimeshakubaliwa kuhutubia mkutano, na mtu mwingine akaonyesha slaidi zangu. Iliuma. Ndiyo sababu mkutano mkuu wa Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulipofanyika Cape Town Agosti 2024, mara ya kwanza kabisa barani Afrika, lilikuwa jambo kubwa kwetu kuliko wenzetu wa nje walivyodhani. Na kuna haki nyingine ndogo ya kutaja: tangu 2021 maombi ya muda wa ALMA yanahakikiwa bila majina. Mhakiki hajui kama aliyeandika yuko Harvard au Mbarara. Anasoma wazo.

Sasa kazi ya kuanzia, na haitamaliza bando. Tumia data za Gaia, chombo cha Ulaya kilichorushwa 2013 kupima mahali na mwendo wa nyota. Toleo la tatu, la Juni 2022, lina vyanzo zaidi ya bilioni 1.8. Usipakue zote! Kuna ukurasa wa kuulizia hifadhi kwa lugha inayofanana na SQL, ambayo wewe unaijua. Uliza nyota zilizo ndani ya nyuzi 2 kutoka katikati ya Kilimia (Pleiades). Bakiza zile zenye paralaksi (kule kusogea kidogo kwa nyota tunapolizunguka Jua, ambako hutupa umbali) ya karibu milisekunde 7.4 za tao, na mwendo wa takriban +20 kwa upande wa mashariki na −45 kwa upande wa kaskazini, milisekunde kwa mwaka. Nyota za nyuma na za mbele zitadondoka, zitabaki zinazosafiri pamoja. Kisha chora rangi dhidi ya mng'ao. Utapata mstari, na mstari huo unakwambia umri: Kilimia ni kundi lililozaliwa kutoka wingu moja miaka kama milioni 100 iliyopita, liko miaka ya nuru 440 hivi. Kwa nyota huo ni utoto.

---

TichaFizikia_Kasese

Kilimia! Bibi yangu alikuwa akisema, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa hicho walijua siku za kulima. Nitawapa S.5 wangu zoezi hili muhula ujao, kompyuta mbili zinafanya kazi.

---

MtazamaAnga_Moshi

Salamu kutoka Tanzania. Swali fupi: mradi wa SKA, ile darubini kubwa ya redio inayojengwa Karoo, Afrika Kusini, utawafaa ninyi mnaochunguza kuzaliwa kwa nyota, au ni wa galaksi za mbali tu? Na Uganda imo?

---

BintiNsambya

Karibu jirani. Uganda haimo kwenye zile nchi 8 za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini tangu mwanzo. Kenya imo, na Ghana, Zambia na wengine. Naona ni hasara kwetu, na viongozi wetu wa sayansi walipaswa kulisukuma mapema. Nchi iliyoweza kupeleka wahandisi wake Japani wakajenga setilaiti ya PearlAfricaSat-1, ikarushwa Novemba 2022, haishindwi na hili. Ghana walichukua dishi la zamani la simu za kimataifa pale Kuntunse, la mita 32, wakaligeuza kuwa darubini ya redio, likazinduliwa 2017.

Kuhusu matumizi: SKA ya Karoo itakuwa na madishi 197, yakiwemo 64 ya darubini ya MeerKAT ambayo tayari yanafanya kazi tangu 2018. Itafika hadi gigahezi 15 na kitu. Maana yake maseri zangu za 6.7 zimo, na gesi ya moto inayozunguka nyota changa imo. Amonia ya 23.7 haimo, na hilo nalisikitikia. Kwa amonia tutaendelea kutegemea wengine.

---

Koda_Ntinda

Nimerudi. Nimefanya usiku kucha. Nimepata mamia ya nyota na mstari umetokea kweli, mzuri, unashuka kutoka juu kushoto. Lakini kuna kitu sikielewi: juu ya mstari kuna mstari mwingine hafifu unaoufuata sambamba. Nilidhani nimekosea kichujio, nikarudia, bado upo.

---

BintiNsambya

Kichujio chako kiko sawa. Umeona nyota pacha. Mbili zinazunguka pamoja, zimekaribiana kiasi kwamba Gaia inaziona kama nukta moja. Zikilingana, rangi inabaki ile ile lakini mng'ao unakuwa mara 2, kwa hiyo nukta inapanda juu kwa kiasi cha 0.75 kwenye kipimo chetu cha mng'ao. Nyota nyingi huzaliwa na mwenzake, na ni kwa nini hasa wingu linagawanyika hivyo bado tunabishana.

Hatua inayofuata: hesabu zilizo kwenye mstari wa juu na zilizo kwenye mstari wa chini, gawa kwa rangi, uone kama uwiano unabadilika kutoka nyota kubwa kwenda ndogo. Usihesabu kwa macho, andika kanuni. Na weka kiwango cha makosa kwenye kila namba, bila hicho sitaipokea.

---

PCM_Mbale

Naweza kushirikiana na Koda? Python najua kidogo, na mtihani wa UNEB ukiisha nina muda.

---

Koda_Ntinda

Karibu sana mdogo wangu. Nimebandika msimbo kwenye ujumbe wako wa faragha. Anza na sehemu ya kuchora, kuhesabu nitakuonyesha Jumamosi.

---

BintiNsambya

Mkipata jedwali libandikeni hapa hapa, na wengine waone. PCM_Mbale, mtihani kwanza.